Wimbo wa Krismasi chagua kwa waimbaji ulionao

Wiki hii nimepata ujumbe wa mwalimu wa kwaya kutoka Newala. Ana wimbo wa Krismasi wa kurasa sita, sauti nne, anauliza kama aanze kuufundisha sasa. Nimemjibu, lakini najua mko wengi wenye swali hilo, maana kila mwalimu anatamani Mkesha wa Krismasi kwaya yake isikike.

Mimi nafundisha kwaya ya parokia huku Masasi. Kwetu Oktoba hadi Desemba ni korosho. Mtu anaokota tangu alfajiri, jioni yuko chama cha msingi anasubiri mzani. Sauti ya nne, yaani besi, karibu yote inabaki shambani, na miezi hiyo hiyo ndiyo ya kuandaa Krismasi.

Mwaka jana nilichukua wimbo mfupi, kiitikio cha mistari minne na mashairi matatu. Sauti ya tatu haikuvuka mi ya juu, hivyo hata aliyekuja amechoka aliifikia. Kiitikio walikishika upesi kwa solfa (do, re, mi), muda uliobaki tukashughulikia pumzi: "amezaliwa" litoke lote bila mtu kukata katikati. Kwenye Mkesha umeme ukakatika wakati wa matoleo, kinanda kikanyamaza, kwaya haikuyumba. Kabla shairi la pili halijaisha waumini walishakidaka kiitikio, kanisa zima linaimba. Najivunia usiku ule mpaka leo.

Nayasema haya kwa sababu mwalimu mwenzangu aliwahi kuniambia, mbele ya waimbaji wangu, kwamba nachagua nyimbo za watoto wa Komunyo ya Kwanza. Iliniuma, na bado inaniuma. Krismasi hiyo hiyo kwaya yake iliimba wimbo mgumu, sauti ya pili ikapotea njiani, mpiga kinanda akamalizia peke yake.

Ndugu zangu, tumewekwa pale ili watu wasali. Kwanza tazama nani anakuja mazoezini, ndipo ufungue kabrasha la nyimbo. Imba kila sauti wewe mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Sauti ya kwanza ikikaa juu mno, shusha ufunguo kutoka G hadi F. Solfa haibadiliki, waimbaji hawatahangaika. Besi wakizama baada ya kushusha, wimbo huo si wa kwaya yako mwaka huu. Watazame tena waliopo, uchague mwingine.

Halafu kumbukeni Utukufu, ule wimbo wa "Utukufu kwa Mungu juu". Jumapili zote nne za Majilio, kabla ya Krismasi, hatuuimbi, kwa hiyo unaporudi kwenye Mkesha watu wana kiu nao. Chagua ule ambao waumini wote wanaujua, nguvu za mazoezi uziweke hapo.

Mwalimu wa Newala, huo wa kurasa sita usiutupe. Gawa nakala Januari, uanze kuufundisha mapema kwa ajili ya Krismasi ijayo. Korosho zitakuwa zimeshauzwa, na besi wako watakuwa wamerudi.