Kabla hamjajenga ukuta, angalieni magari yanaegeshwa wapi

Ndugu yangu, umeuliza kama ni sawa ofisi ya halmashauri yenu izungushiwe ukuta wa tofali na mlango wa mbele ufungwe kabisa, kwa kuwa ofisi ya wilaya jirani ilivamiwa na mlinzi akajeruhiwa. Nakujibu kama mtu aliyekaa masjala ya ofisi moja ya umma hapa Tanga kwa miaka 19. Hofu yenu ni ya kweli, wala asiwepo wa kuwabeza. Ila ukuta huo naogopa utawazuia watu wasiostahili kuzuiwa.

Tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa Dar, kijana, najifunza ufundi umeme Kinondoni. Ilikuwa Ijumaa, saa nne na ushee asubuhi. Kilipopiga kishindo cha bomu kwenye ubalozi wa Marekani, sote karakana nzima tulikimbilia dirishani kuchungulia. Baadaye ndipo nikajua kwamba Nairobi, ambako ubalozi wa Marekani ulilipuliwa pia asubuhi ileile, watu walifanya kama sisi: walisikia mlipuko mdogo, wakaenda madirishani, kisha likalipuka bomu lenyewe. Wengi walipofuka kwa vioo. Kule walikufa watu zaidi ya 200, maana jengo lilikuwa katikati ya mji, limebanana na mengine. Dar walikufa 11. Lori la bomu halikufika karibu na jengo kwa sababu boza la maji lilikuwa limekaa njiani pale getini. Oklahoma, Marekani, mwaka 1995, lori la bomu liliegeshwa hatua chache tu kutoka kwenye jengo la serikali, wakafa watu 168.

Kwa hiyo nikisikia ulinzi wa jengo, mambo ya kwanza yanayonijia ni gari na kioo. Wamarekani wenyewe, baada ya milipuko ya 1983 iliyopiga ubalozi na kambi yao mjini Beirut, Lebanon, walishauriwa balozi zao zikae futi 100 kutoka barabarani, kama mita 30 hivi. Majengo ya Nairobi na Dar hayakuwa na nafasi hiyo.

Sasa sikia yaliyotokea kwetu. Februari 2015 askari walipambana na watu wenye silaha kule mapango ya Amboni, mji mzima ukaingia baridi. Wiki ileile ofisini mlango wa mbele ukapigwa kufuli, likabandikwa tangazo: hakuna kuingia bila kitambulisho. Alikuja bibi mmoja kutoka Pongwe kufuatilia mirathi ya marehemu mumewe. Kitambulisho hana, ana karatasi zake tu, amezifunga kwenye upindo wa kanga. Akarudishwa. Siku ya pili akarudishwa. Siku ya tatu nilimkuta amekaa chini ya mwarobaini nje ya geti. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mimi nimekosa nini?" Sikuwa na la kumjibu. Na wakati tunazungumza, gari lenye vioo vyeusi likapita getini, mlinzi akapiga saluti, likaenda kusimama mguuni pa ngazi. Buti haikufunguliwa. Bibi mwenye kanga amezuiwa, gari limefika ukutani!

Hilo liliniuma mpaka nikalisema kwenye kikao cha watumishi. Haikuwa rahisi, na miezi kadhaa ilipita. Mlinzi wetu wa zamu ya asubuhi, mzee wa Ngamiani, ndiye aliyetoa wazo lililotukwamua. Alisema, "Nyumba za wazee wetu zina baraza. Mgeni hupokewa barazani, akanywa kahawa, akamaliza lake, na ndani hajaingia. Hakufukuzwa, na wa ndani wamestirika." Jengo letu lilikuwa na veranda pana ya kizamani, imejaa makabati mabovu. Tukaisafisha, tukahamishia pale meza ya masjala na mabenchi, na mlango wa mbele ukafunguliwa. Anayeleta barua au kuuliza faili anahudumiwa pale pale, bila kitambulisho. Anayehitaji kuingia ndani anaandikishwa, anakaguliwa mkoba, anasindikizwa.

Magari yote, la mkuu likiwemo, yakahamia kiwanja cha ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi mkubwa kuliko kote. Mbele ya ngazi tukapanga mapipa yaliyojazwa zege, yameachana kiasi cha kupita kiti cha magurudumu lakini si gari. Fedha ya kununulia plastiki ya kubandika kwenye vioo, ile inayoshika vipande visiruke, haikupatikana, basi tukasogeza meza mbali na madirisha. Si kamili, lakini haikuhitaji zabuni.

Kuhusu ukuta wenyewe: kama lazima uwepo, ombeni wa nondo unaoonyesha nje. Ukuta mzima humficha pia mvamizi akishaingia, na wapita njia, ambao ndio macho ya bure, hawaoni kitu.

Yule bibi mwenyewe alihudumiwa wiki iliyofuata baada ya siku ile ya mwarobaini, kabla ya mabadiliko hayo, baada ya mjukuu wake kuja na kadi ya mpigakura.

Kesho ukipata nafasi, chukua futi kamba upime kutoka barabarani hadi ukuta wa jengo, na kutoka maegesho hadi dirisha la karibu. Uangalie pia kama mna veranda. Leta vipimo tuendelee.