Maswali ya Wasomaji: "Wameniambia figo za mjukuu wangu zimegoma"

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka minne alianza na homa na kikohozi siku ya Jumapili. Kufikia Jumanne alikuwa anahema kwa taabu, mikono na miguu ikiwa baridi ilhali kichwa kinawaka moto, na hospitali ya mtaani ikatutafutia ambulensi hadi hospitali kubwa hapa Nairobi. Leo ni siku ya tano yuko katika chumba cha watoto mahututi. Daktari alisema maambukizi yameingia kwenye damu, mapafu yameshindwa, figo zimegoma na ini limeathirika. Niliposikia viungo vitatu, nilijua tumempoteza. Je, kiungo kikishashindwa huweza kurudi? Na mbona wanampimia maji kidogo kidogo ilhali midomo yake imekauka hadi kupasuka, na mikono wameifunga kwa vitambaa?
Nyanya, Kariobangi Kusini

JIBU: Shikamoo, Nyanya, na pole sana. Nimeuguza watoto mahututi katika jiji hili kwa miaka mingi, na maneno hayo ya viungo vitatu nimeyasikia yakitamkwa kando ya kitanda mara nyingi, tena kwa haraka, daktari akaondoka kabla familia haijapata hata kiti cha kukalia. Ulistahili kuelezwa kwa utulivu.

Daktari akisema kwamba figo zimeshindwa, hasemi kwamba zimekufa. Anachosema ni kwamba kazi zinayoifanya kwa sasa haitoshi kumweka mtoto hai bila msaada. Katika ugonjwa huu uitwao sepsisi, mwili hupambana na vijidudu kwa fujo kubwa hadi ukajiumiza wenyewe: mishipa midogo ya damu hulegea na kuvuja, presha hushuka, na kwa kuwa ubongo na moyo haviwezi kusubiri, mwili hupunguza damu inayokwenda kwenye ngozi, matumbo na figo. Ule ubaridi wa mikono ulioushika wewe mwenyewe siku ya Jumanne ulikuwa habari ya kilichokuwa kikiendelea ndani ya figo. Chembe za figo zikikosa damu ya kutosha huacha kufanya kazi, na baadhi hufa, lakini vijifereji vya figo vina uwezo wa kuota utando mpya, na watoto wengi wanaopona sepsisi hurudiwa na kazi ya figo baada ya siku au wiki kadhaa. Ini nalo hujijenga upya. Sitakuficha kwamba kadiri viungo vilivyoshindwa vinavyoongezeka ndivyo hatari ya kifo inavyopanda, na vitatu ni hatari kubwa. Wanaomhudumia wanalijua hilo, na bado wanaendelea kwa sababu wamewaona watoto waliokuwa katika hali hiyo wakitoka wakitembea.

Mashine zilizomzunguka hazimponyi. Kinachotibu ni antibiotiki, zile ambazo mtoto wa namna hii anapaswa kuanzishiwa ndani ya saa moja tangu sepsisi yenye presha mbovu itambuliwe, pamoja na mwili wake mwenyewe. Mashine ya kupumulia humshikia nafasi tu wakati huo. Mwaka 1952, polio ilipovamia jiji la Copenhagen na watoto kushindwa kupumua, daktari Bjørn Ibsen alipendekeza watobolewe koo na hewa isukumwe kwa mkono, na mamia ya wanafunzi wa udaktari wakakaa kando ya vitanda kwa zamu, usiku na mchana, wakiminya mfuko wa hewa hadi misuli ya wagonjwa ilipopata nguvu. Mashine ya mjukuu wako inafanya kazi ya wanafunzi wale. Mapafu yakianza kupata nafuu, watapunguza msaada wake hatua kwa hatua, kisha watamjaribu apumue mwenyewe kabla ya kuitoa mipira.

Sasa maji, na hapa naomba nikae kidogo. Mtoto wa kilo 14 ana damu ya lita moja na kidogo tu mwilini mwake. Mishipa yake ikiwa inavuja, maji unayomwongezea hayabaki ndani ya damu. Hupenya hadi mapafuni, na figo zilizogoma haziwezi kuyatoa. Miaka ya nyuma sisi wauguzi tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na mikono baridi apewe dripu ya kasi, nasi tuliifungua tukiamini kwamba tunaokoa. Kisha ukafanywa utafiti hapa kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, ukiongozwa na Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Miongoni mwa waliopewa maji ya kasi, zaidi ya 10 katika kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Miongoni mwa ambao hawakupewa, walifariki 7 hivi katika kila 100. Hakuna matokeo ya utafiti yaliyowahi kuniuma kama hayo, kwa sababu nilikumbuka mikono yangu kwenye zile chupa. Hospitali zile hazikuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi. Penye mashine za kupumulia na dawa za kupandisha presha, maji bado hutolewa, ila kwa vipimo vidogo na mtoto akichunguzwa baada ya kila kipimo. Jirani asichanganye hili na mtoto anayeharisha hadi kukauka, maana huyo anahitaji maji, tena upesi.

Midomo iliyopasuka ni jambo unaloweza kulisaidia leo hii. Mwombe muuguzi pamba iliyoloweshwa maji na mafuta ya kupaka, umfute mwenyewe polepole, ukiwa umenawa mikono. Vile vitambaa vya mikononi vimewekwa ili asiung'oe mpira ulio kooni, kwa sababu mtoto aliyelazwa kwa dawa za usingizi huweza kuzinduka nusu, akaushika na kuuvuta kabla mtu hajamfikia. Visiwe vimekaza, ukiona vidole vimevimba au vimebadilika rangi, ita muuguzi papo hapo. Na zungumza naye, kwa sauti ile ile ya nyumbani. Dawa hizo hazimzibi masikio kabisa.

Angalia pia mfuko wa mkojo uliotundikwa chini ya kitanda. Mtoto wa kilo 14 anatarajiwa kutoa mililita 14 kwa saa, karibu vijiko vitatu vya chai. Ikishuka chini ya nusu ya hapo kwa saa sita au zaidi, madaktari huanza kuhangaika. Ikianza kupanda tena, huo ni mkojo utakaowafanya wauguzi watabasamu. Usipoongezeka, huenda wakakueleza kuhusu kusafisha damu kupitia tumboni: mpira mwembamba huingizwa chini ya kitovu, maji maalumu humiminwa ndani, hukaa kwa muda yakivuta uchafu kupitia utando wa tumbo, kisha hutolewa, na kazi hurudiwa saa baada ya saa. Njia hiyo huwafaa wadogo kwa kuwa haihitaji kutoa damu yao nje ya mwili. Usiikatae kwa hofu kwamba ikianza haitaachwa. Kwa wengi ni ya siku chache.

Ombi moja tu kutoka kwangu: dawa za mitishamba zisiingizwe kwa siri katika mpira wake wa maziwa, hata aliyezileta awe anampenda kiasi gani. Ini na figo zake kwa sasa haziwezi kuzichuja.

SWALI: Mwanangu wa miaka saba alitoka chumba cha mahututi miezi miwili iliyopita. Hupiga mayowe usiku, miguu haina nguvu, na mwalimu analalamika kwamba anasahau masomo. Je, hakupona?
Baba, Dagoretti

JIBU: Amepona ugonjwa uliompeleka kule, ila bado anapona kule alikokuwa. Misuli hunyauka upesi mtoto akilala siku nyingi kwenye mashine, na ndoto za kutisha huwapata watoto wengi waliolazwa kwa dawa kali huku wakisikia kengele na sauti za wageni. Mrudishe kliniki, uombe mazoezi ya viungo, na useme wazi kuhusu usiku wake, kwa maana hilo nalo lina wataalamu wake. Ikiwa figo ziliguswa, apimwe presha na mkojo, na asipewe ibuprofeni za dukani bila daktari kujua. Mwalimu naye aelezwe alikotoka mtoto huyu, asije akamchapa kwa uvivu asio nao.