Sifa ambayo hata hasimu wake ataikubali

Swali la wiki hii liliuliza: mwenyekiti wa mtaa anaondoka, wengi wamemchoka, lakini wanaomjua wanasema ni muungwana. Je, aagwe kwa risala ya namna gani isiyo ya unafiki?

Kwanza tenganisheni kazi na tabia. Nusu ya lawama anazobeba mwenyekiti hapa Moshi, iwe Pasua, Njoro au Rau, hata si zake: barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; maji ni ya MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi. Lakini risala si mahali pa kumtetea kwa hayo. Ukianza kueleza kwa nini mtaro haukuzibuliwa, umefungua mkutano wa hadhara, na hutaufunga.

Tabia ya mtu itafuteni kwenye vitu vinavyoshikika. Barua za utambulisho ndiyo sehemu ya kwanza. Aliyemsema vibaya kwenye kampeni alipokwenda kuomba barua ya benki au ya dhamana, alipigiwa mhuri siku hiyohiyo au alizungushwa wiki nzima? Alidaiwa "hela ya soda"? Kisha fungueni majalada ya mihtasari. Mwenyekiti anayekubali maneno makali dhidi yake yaandikwe kama yalivyosemwa, halafu akatia sahihi chini yake, ana moyo ambao wengi hawana. Halafu kuna usuluhishi. Mwenyekiti husikia ugomvi wa ndoa, madeni na mipaka ya viwanja; kama katika miaka mitano hakuna hata neno moja lililovuja hadi kijiweni, hiyo ni sifa kubwa kuliko jengo la ofisi, na kwa kawaida hakuna anayeikumbuka kwa sababu siri iliyotunzwa haina mashahidi wengi.

Waulizeni watu watatu: mtendaji wa mtaa, mjumbe mmoja wa kamati, na mpinzani wake mkubwa kuliko wote. Huyu wa tatu ndiye kipimo. Mwambieni aweke siasa pembeni, aseme huyu ni mtu wa namna gani. Analolikubali yeye liingie kwenye risala. Analolicheka liondoeni, hata kama kamati yote inalipenda.

Risala yenyewe isizidi ukurasa mmoja na nusu, maneno kama 350, yaani dakika tatu au nne kwa msomaji asiyekimbia. Leteni tendo, sifa watu wataitoa wenyewe. "Ulikuwa mwadilifu na mpenda watu" ni maneno yanayosomwa kwenye kila ukumbi. "Waliokupinga hadharani walipata barua zao bila kuzungushwa" hayo yanamhusu yeye tu. Tofauti zenu zitajwe mapema, kwa sentensi moja: "Kwenye mchango wa ulinzi hatukukubaliana nawe, na mkutano ukaamua." Mkiruka hapo, watu wa nyuma wataanza kuguna na hawatasikia yanayofuata. Mkiandika sentensi tatu, mmemfungulia kesi. Na tafadhali, msiandike "pamoja na mapungufu yako." Hicho ni kijembe kilichovaa suti.

Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, ni mfano mzuri kwa anayetaka kuona jinsi mpaka huu kati ya kazi na tabia unavyofanya kazi. Kufikia 1991 Wazambia walikuwa wamemchoka: miaka 27 madarakani, chama kimoja, na ghasia za Juni 1990 baada ya bei ya unga kupandishwa. Tarehe 31 Oktoba 1991 alishindwa vibaya na Frederick Chiluba, akabaki na takriban robo ya kura. Akakubali, na Novemba 2 Chiluba akaapishwa. Ukimsifu Kaunda kwa uchumi, mtabishana hadi usiku. Ukimsifu kwa namna alivyoondoka, hata aliyempigia kura ya kumng'oa atatikisa kichwa kukubali.

Makabidhiano yafanyike kabla ya sherehe, siyo baada. Mhuri, daftari la wakazi, majalada, vitabu vya stakabadhi na funguo viandikwe kwenye orodha, itiwe sahihi na anayetoka, anayeingia na mtendaji. Kitabu kimoja cha stakabadhi kikikosekana baada ya zawadi kutolewa, risala yote inageuka kichekesho. Mchango wa zawadi uwe wa hiari kabisa. Mkiweka kiwango kwa kila kaya mmeshaongeza jambo jingine la kumchukia nalo. Shuka au kitenge kizuri kinatosha. Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuokwa, acheni, kwa maana mtaani watahesabu bei yake kabla nyama haijakatwa.

Msomaji asiwe mpambe wake wa kampeni. Mtu aliyewahi kutofautiana naye, mwenye heshima na sauti ya kusikika, ndiye anafaa. MC naye aonywe asidai vigelegele. Vikija, vije vyenyewe. Anayeingia asipigwe mafumbo kupitia anayetoka, wala asilinganishwe naye hata kwa mzaha.

Sentensi mbili ziende kwa familia. Mlango wao ndio uliogongwa usiku wa manane kwa misiba, wezi na wagonjwa, na watoto wao ndio waliosikia matusi dukani. Mzee au mama mwenyekiti anaweza kuwa amezoea. Wao hawakugombea chochote.

Na kama mmeuliza wote watatu na hakuna tendo hata moja lililopatikana, msiandike risala. Barua fupi inatosha: tarehe aliyoanza, tarehe aliyomaliza, asante kwa utumishi, sahihi ya mtendaji.

Msomaji, Moshi