Msimu wa timu za wanafunzi wa zamani: punguzeni mechi, tenganisheni mifuko

Mwaka wa kwanza tulikuwa timu 12 za mpira wa miguu, zote za wanafunzi wa zamani wa shule za hapa Lubumbashi. Kikaoni mtu mmoja akasimama, akasema tucheze nyumbani na ugenini kama ligi ya kweli. Tukapiga makofi. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na sikupiga hesabu. Timu 12 nyumbani na ugenini ni raundi 22, mechi 132. Tena nyumbani kwa nani, wakati karibu wote tulikodi kiwanja kilekile?

Tulianza Oktoba. Novemba mvua ikashika, na anayejua udongo wetu mwekundu anajua unavyokamata njumu ukilowa. Mechi zikaanza kuahirishwa mbilimbili. Krismasi ikapita, watu wakarudi hawana kitu mfukoni, na mwisho wa Januari hakuna aliyeuliza tena tunacheza lini. Msimu ule mpaka leo hauna bingwa. Kombe tulilonunua liko juu ya kabati la jirani yangu, limejaa vumbi.

Kwa hiyo ukitaka kuanzisha jambo hili, anza na tarehe ya fainali, halafu rudi nyuma. Sisi sasa tunagawa timu 12 katika makundi mawili ya sita. Kila kundi mechi 15, jumla 30, nusu fainali mbili na fainali moja: mechi 33. Tunacheza mbili kila Jumapili, moja saa saba na nusu watu wakishatoka kanisani, nyingine saa tisa na nusu, kwa sababu mwezi wa Juni jua linazama kabla ya saa kumi na mbili na taa hatuna. Hizo ni Jumapili 17. Ukianza mwisho wa Aprili mvua zinapokatika, unamaliza katikati ya Agosti. Usivuke hapo. Septemba shule zinafunguliwa, na baba anayetafuta ada ya watoto wanne hatakuletea mchango wa mpira.

Mapumziko ni dakika kumi, kila kipindi dakika 35. Kuna waliolalamika kwamba huo si mpira kamili. Lakini sheria za mpira zenyewe zinaruhusu mashirikisho kubadilisha muda kwa wachezaji wakongwe, na hata kumruhusu aliyetoka arudi uwanjani. Hilo la kurudi limetuokoa kuliko lolote. Mtu wa miaka 46 anakimbia dakika 15, anakaa, anakunywa maji, anarudi. Zamani alikuwa anakataa kutoka kwa kuogopa kwamba akitoka basi, na matokeo yake tuliyaona: Jumapili moja ya baridi yaya mmoja (kwetu yaya ni kaka mkubwa, si mlezi wa watoto) aliingia bila kupasha mwili moto, akakimbilia mpira wa kwanza, tukasikia mlio kama wa mjeledi. Aligeuka kuangalia nani amempiga teke nyuma. Hakukuwa na mtu. Ulikuwa mshipa wa kisigino. Alitembea na magongo mpaka mvua zikaanza.

Yaya. Hapo ndipo penye ugumu ambao timu ya mtaa haiujui. Sisi tumekuja na mpangilio wetu wa shule: aliyemaliza kabla yako ni yaya wako, hata kama leo wewe ndiwe unayemlipa mshahara. Sasa kocha wa miaka 30 atamwambiaje yaya wa promo ya 1994, yaani waliomaliza shule mwaka huo, akae benchi? Tulijaribu kupiga kura, ikaleta maneno. Kilichofaa ni kumpa kazi hiyo yaya mwingine, wa promo ya zamani zaidi, ambaye hachezi tena. Yeye anakaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, na mtu akizidi kuchoka anaita tu, "Leki, njoo huku tuongee." Leki, yaani mdogo wake, anatoka. Hakuna ubishi.

Kuhusu mamluki, yaani wachezaji ambao hawakusoma shule ya timu yao, nitasema kwa ufupi, maana kila timu inao na kila timu inakana. Tunadai karatasi moja: diploma ya serikali, au karatasi ya alama, au picha ya darasa ambayo sura inaonekana. Karatasi zinaweza kughushiwa, najua. Kuna mshambuliaji alikuja na karatasi safi kabisa, kijana wa miguu myepesi, mabao matatu katika kipindi kimoja. Mzee aliyewahi kuwa mlinzi wa shule ile alikuwa kati ya watazamaji. Mapumziko akamwendea taratibu, akamuuliza, "Mwanangu, vyoo vyetu vilikuwa upande gani wa uwanja?" Kijana akaanza kutafuta jibu angani. Kipindi cha pili hakurudi.

Kiwanja, andikisheni. Tumewahi kufika na timu mbili, refa na mipira, tukakuta turubai limesimamishwa katikati na watu wako kwenye maombi. Aliyetupangisha alikuwa amepangisha mara mbili, na sisi tulimlipa yote kwa mdomo, bila risiti. Utamfukuza nani, watu wa Mungu? Sasa tunalipa nusu kwa risiti yenye tarehe zote, nusu baada ya mechi. Refa yeye tunamlipa kabla hajapiga filimbi, ndani ya bahasha, mbele ya makapteni wote wawili. Refa anayesubiri pesa yake kwa timu iliyofungwa ana shida kubwa.

Na tarehe ikibadilika, usiridhike kutuma ujumbe kwenye kikundi cha WhatsApp. Kuna aliyeishiwa megabaiti, kuna aliyenyamazisha kikundi kwa sababu ya video za utani. Mpigie kapteni simu, akujibu kwa mdomo wake kwamba amesikia. Wazee wa mji huu hawajasahau 1967: TP Englebert, ambayo leo ni TP Mazembe, ilitoka sare 1-1 na Asante Kotoko ya Ghana kule Kumasi, ikatoka sare 2-2 Kinshasa, ikapangwa mechi ya tatu. Kotoko hawakutokea, kwa kuwa chama cha mpira cha nchi yao hakikuwafikishia habari. Kombe la klabu bingwa za Afrika likaja kwetu. Tunalifurahia, lakini mimi kama katibu kila nikifikiria katibu wa kule nasikia tumbo linakaza.

(Mazembe yenyewe, kwa asiyejua, ilianzia shuleni, 1939, kwa wamonaki Wabenediktini waliokuwa wakiongoza Saint-Boniface. Ndiyo maana kila kikao chetu hakikosi mtu wa kusema hata sisi tutafika. Mwacheni amalize, kisha rudini kwenye bei ya kiwanja.)

Pesa nimeiweka nyuma kwa sababu ndiyo inayouma. Msimu wetu wa pili haukuuawa na mvua. Uliuawa na kilio. Mwenzetu mmoja, mlinda mlango, alifiwa na mke wiki ya tano. Tulikwenda matangani usiku, tukakaa kuzunguka moto, na ilipofika saa ya kuzungumzia sanduku na gari, macho yote yakamgeukia mweka hazina. Alikuwa na pesa ya kiwanja ya miezi miwili. Nani angesema hapana pale? Mimi nisingesema, na sikusema. Akazitoa zote. Tulimzika dada yetu kwa heshima, na Jumapili iliyofuata hatukuwa na kiwanja wala refa. Timu nyingine zikadai tumekula michango yao, na kusema kweli tulikuwa tumeila, ingawa si kwa tumbo.

Watu wengine hushauri sheria iandikwe kwamba pesa ya mpira haiguswi. Andikeni mkitaka, usiku wa kilio hakuna atakayeisoma. Sisi tulifungua mifuko miwili yenye watunzaji wawili wasiokaa mtaa mmoja. Kila anayelipa mchango, sehemu moja ya tatu inakwenda mfuko wa misiba na magonjwa tangu siku ileile, kabla hajatokea mgonjwa. Mtunza pesa ya mpira haji matangani na pesa, na yule wa misiba hafiki bila pesa. Tangu hapo tumezika watu watatu na kumaliza misimu mitatu.

Jezi, mwisho. Zifuliwe na mtu mmoja anayelipwa, zihesabiwe pale pale uwanjani kabla mtu hajaondoka kwenda kula michopo, nyama ya kuchoma. Zikienda nyumbani zinageuka nguo za kulalia. Yetu namba nane iko Katuba, upande mwingine wa mji, tangu fainali ya Agosti, mwenyewe anadai mke ameianika. Nikimaliza kuandika hapa napanda pikipiki kwenda kuiangalia hiyo kamba.