Kabla hujatuma video ya mwanao anayecheza kwenye mstari

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, hasa ninyi ambao mtoto ameingia sekondari na tayari anainamisha kichwa kupita mlangoni: kuna siku kocha wa shule wa mpira wa Kimarekani (American football) atawapigia simu. Mimi nilipigiwa hapa Iowa. Alimtaka kijana wangu acheze kwenye mstari, yaani awe mmoja wa wale watano wanaomkinga kwotabeki, yule mrusha pasi, asiangushwe, na kumfungulia njia anayekimbia na mpira. Wakati huo mpira kwangu ulikuwa Simba na Yanga, basi. Leo, baada ya misimu minne ya kukaa jukwaani kwenye baridi, nimejifunza mengi, mengine kwa kukosea.

Kosa lililoniuma zaidi lilikuwa la video. Kijana alipofika mwaka wa tatu nilikesha usiku mbili nikikusanya kila tukio ambalo alimlaza mtu chali. Dakika tatu, muziki juu, nikazituma vyuoni. Kocha wa chuo kimoja akanijibu kwa sentensi moja: nitumie mechi nzima, ile mliyofungwa.

Nilinuna wiki nzima. Mwishowe kocha wa mstari wa shuleni kwetu akanikalisha ofisini kwake, akafungua mechi hiyohiyo, akaisimamisha pale mwanangu alipopitwa. Akarudisha nyuma, akarudia, labda mara sita. "Baba, usitazame mpira. Tazama miguu." Ndipo nikaona. Kijana alikuwa ameegemea vidole vya miguu, uzito wote mbele. Mpinzani akajifanya anapita nje, ghafla akakata ndani, na mwanangu akabaki amekunjika kiuno, mikono inashika hewa. Kocha akaiachia video iendelee kidogo. Kijana akageuka, akapiga hatua mbili fupi za haraka, akamkuta yule mtu ubavuni na kumsukuma akapita nyuma ya kwotabeki. Pasi ikatoka salama. "Hili ndilo wanalolitafuta," akaniambia. "Kila mtu atapitwa. Wanataka kujua anafanya nini baada ya hapo."

Wanaochagua wachezaji wa NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huu, wanatazama hivyohivyo, ila wao wana vipimo pia. Kila mwaka, kabla ya drafti, yaani uteuzi wa raundi saba ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, vijana zaidi ya 300 hualikwa Indianapolis. Huko hupimwa urefu, uzito, kiganja na mkono. Mkono ndio unaozua ubishi. Takoli, yule anayesimama pembeni mwa mstari, hutarajiwa awe na mkono wa inchi 33 au 34, karibu sentimita 84 hadi 86, kwa sababu anayetangulia kumgusa mwenzake kifuani ndiye anayeamua pambano litaelekea wapi. Lakini takoli Joe Thomas alikuwa na inchi 32 na nusu. Timu ya Cleveland Browns ilimchukua akiwa wa 3 kwenye drafti ya mwaka 2007, akacheza matukio 10,363 bila kukosa hata moja, na mwaka 2023 akaingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huu. Miguu yake ilikuwa inawahi, kwa hiyo mkono haukuhitaji kufika mbali.

Kwenye mbio za yadi 40, kwa mtu wa kilo 140 wao hutazama zile yadi 10 za mwanzo, maana ni nadra kwenye mechi akimbie zaidi ya hapo. Kunyanyua chuma cha kilo 102 mimi sikutilii maanani sana: mwenye mikono mirefu anakisukuma mbali zaidi, basi anahesabiwa mara chache. Mwaka 2018 takoli Orlando Brown alinyanyua mara 14 tu na mbio zake zilikuwa za polepole mno. Akaporomoka hadi nafasi ya 83 kwenye drafti. Baadaye alichukua Super Bowl, fainali ya NFL, akiwa na timu ya Kansas City.

Kosa la upande wa pili ni kupumbazwa na mwili. Mwaka 1989 timu ya Green Bay ilimchukua mchezaji wa mstari Tony Mandarich akiwa wa 2, mbele ya Barry Sanders, Derrick Thomas na Deion Sanders. Hao watatu wote wako kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Mandarich aliachwa baada ya misimu minne, na baadaye akakiri kwamba alitumia dawa za kujenga misuli alipokuwa chuoni.

Kwa hiyo, akina mama, nawaomba: msimshindilie mtoto ugali ili apate kilo. Wanaotafuta wachezaji wanatazama mabega, nyonga na vifundo, wanajua kilo zitakuja. Mpelekeni kwenye mieleka. Huku kwetu Iowa hilo si jambo la kubishania. Tristan Wirfs wa Mount Vernon na Tyler Linderbaum wa Solon, vimji viwili vilivyo karibu na Cedar Rapids, wote walipigana mieleka shuleni, na wote waliteuliwa raundi ya kwanza. Linderbaum ana mkono wa inchi 31 tu na kitu, ila yeye ni senta, anayecheza katikati, ambako nafasi ni finyu na kujua kumbeba mtu kwa nyonga kuna faida kuliko mkono mrefu.

Na kama wako amechelewa kuanza kwa sababu alikulia kwenye soka, usikate tamaa hata kidogo. Jordan Mailata alikuwa mcheza raga wa Australia, hajawahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huu, Philadelphia Eagles walipomchukua wa 233 mwaka 2018. Februari 2025 alishinda Super Bowl akiwa takoli wao wa kushoto. Mtoto aliyezoea kupiga chenga ana miguu ambayo wenzake wa hapa hufundishwa kwa miaka.

Video tuliyotuma mwaka huu haina muziki. Inaanza na tukio lile alilopitwa, halafu inafuata mechi nzima, kipindi cha kwanza hadi cha nne.