USIMWAGE HAYO MAJI! Kwa mleta mada anayeshusha barafu ya Kilimanjaro hadi Dar

Mkuu, simama hapo hapo kwanza. Unataka kushusha barafu ya Kilimanjaro hadi Dar ikapimwe maabara, na umeuliza mambo manne: chupa za aina gani, deli lisafirishweje kwa basi kutoka Moshi, vibali, na nani atakupimia umri wa barafu. Yote maswali mazuri. Ila sentensi yako ya mwisho imenitoa jasho: "nikifika Dar nitamwaga maji yaliyoyeyuka, nibaki na barafu safi niigandishe." Na jamaa hapo juu kakujibu kuwa uko sahihi. Hauko sahihi. Usimwage hata kijiko kimoja.

Mimi nilimwaga. Februari 2017, utafiti wa shahada ya pili, barafu iliyomo ndani ya ardhi iliyoganda karibu na kreta (mdomo wa volkano) ya Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, juu ya mita 5,700. Siyo ule ukuta mweupe ambao watalii wanapiga nao picha. Hii imo ardhini, imeshikana na majivu ya volkano, unaitoa kwa tindo na nyundo huku pumzi haitoshi hata kusema asante. Hela ya wapagazi na ada za hifadhi nusu nilikopa kwenye VICOBA, nusu alinipa mama. Nikashuka na mifuko 14.

Njiani kondakta akauliza kama kwenye deli kuna samaki. Nikamwambia samaki hutoka Dar kwenda Moshi, Kibo hakujawahi kuvuliwa hata dagaa. Basi zima likacheka. Nilifika Ubungo saa nne usiku, enzi hizo stendi bado iko pale, nikachukua bajaji hadi chumbani kwangu Mabibo. Joto la Februari mnalijua. Nafungua deli, kila mfuko una kipande cha barafu ukubwa wa ngumi kinaelea kwenye maji ya rangi ya chai nyepesi, na chini kabisa vumbi la kijivu, laini kama poda ya mtoto.

Nikampigia mtaalamu aliyekuwa akinielekeza. Hakuniuliza napima nini. Hakuniuliza maji ni kiasi gani. Alisema, "Mwaga. Maji ya mwanzo siku zote ni uchafu. Bakiza barafu."

Basi nikafungua mfuko wa kwanza, nikauinamisha kwenye sinki. Wa pili. Wa tatu. Nilipomaliza wa kumi na moja umeme ukakatika. Nikasukuma mifuko 11 kwenye friza kwa kupapasa, ile mitatu nikaiacha ndani ya deli ikiwa imefungwa, nikalala. Asubuhi ile mitatu ilikuwa maji matupu.

Kule maabara nikaanza na kipimo rahisi, mita ya upitishaji umeme. Chumvi nyingi kwenye maji, namba kubwa. Chumvi kidogo, namba ndogo. Mifuko 11 ikatoa namba ndogo, karibu na maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri. Yule mtaalamu akafurahi, eti barafu ya kale ni safi kiasi hicho. Ile mitatu ikasoma mara sita hadi saba zaidi. Akaniambia hiyo imechafuka, niitupe. Lakini miwili kati ya hiyo mitatu ilitoka shimo lile lile, kina kile kile, na miwili niliyokuwa nimemwaga maji yake! Hapo ndipo tumbo lilipovurugika. Uchafu gani uchague mifuko ambayo haikufunguliwa, uiache iliyofunguliwa?

Mkuu, umewahi kumwangalia mtoto anakula barafu ya ukwaju ya kwenye kifuko? Anafyonza, anafyonza, rangi na utamu vinakwisha, anabaki na kipande cheupe kisicho na ladha. Kemia ya barafu yako ndiyo hiyo. Maji yanapoganda, fuwele inajijenga kwa maji matupu na kuzisukuma chumvi nje. Kalsiamu, salfeti, kloraidi, nitreti, nyingi ya hizo hazikai ndani ya fuwele, zinajibana kwenye mishipa myembamba kati ya fuwele na fuwele. Na maji yenye chumvi huyeyuka mapema kuliko maji matupu. Kwa hiyo barafu ikianza tu kulegea, kinachotoka kwanza ni ule ukwaju. Nilichomwaga kwenye sinki la Mabibo kilikuwa ukwaju wa maelfu ya miaka, nikabakiza kile cheupe kisicho na habari yoyote.

Na jambo lenyewe halikuwa siri. Mwaka 1978 watafiti Johannessen na Henriksen wa Norway walilionyesha kwenye theluji: asilimia 30 ya kwanza ya maji ya kuyeyuka ilitoka na asilimia 50 hadi 80 ya vichafuzi vyote vilivyokuwemo. Mifuko yangu ilikuwa imeyeyuka kama theluthi hivi. Piga hesabu mwenyewe nilibaki na nini.

Nimefikiria miaka yote hii yule mtaalamu wangu aliipata wapi sheria yake ya kumwaga. Nadhani kwenye bomba. Ukipima maji ya bomba au kisima, unaacha yatiririke kwanza, kwa sababu yaliyolala kwenye bomba siyo maji ya chanzo. Sheria nzuri kabisa, kwa bomba. Akaihamishia kwenye barafu bila kufikiri, kwa sauti ya mtu asiyewahi kukosea, na mimi nikatii kwa sababu ana cheo na mimi nina mkopo. Aliyekujibu hapo juu naye ana sauti ile ile. Inaniuma kweli.

Na usiniambie wewe hupimi chumvi, unapima oksijeni tu, yaani uwiano wa oksijeni nzito na nyepesi ndani ya maji. Barafu na maji yake havigawani sawa. Vikikaa pamoja hadi vitulie, barafu inashika oksijeni nzito, ile 18, zaidi ya maji kwa takriban sehemu 3 katika 1,000, na haidrojeni nzito kwa takriban sehemu 20 katika 1,000. Ukimwaga maji na kupima barafu iliyobaki, unaweza kuandika habari ya joto na mvua za kale kumbe unasoma habari ya deli lako.

Hizo chumvi unazotaka kumwaga ndizo zinazoongea. Mtafiti wa barafu wa Marekani, Lonnie Thompson, na wenzake walichimba nguzo sita za barafu Kilimanjaro mwaka 2000, wakazipeleka Ohio, Marekani, zikiwa zimeganda, na kwenye makala yao ya 2002 walikadiria barafu ya chini kabisa ina miaka kama 11,700. Walikuta tabaka la vumbi la miaka kama 4,000 iliyopita, wakalisoma kama ukame mkubwa. Sodiamu na floraidi walizihusisha na maziwa ya ukanda huu kushuka na vumbi la fukwe zake kupeperushwa hadi mlimani. Sasa fikiria wangefika Ohio, barafu imelegea, mtu akasema mwaga maji ya mwanzo.

Kwa hiyo ukisahau kila nilichoandika, shika hili: YEYUSHA YOTE NDANI YA MFUKO ULIOFUNGWA, NDIPO UGAWE. Mfuko juu ya mfuko, hewa ikamuliwe yote. Upime uzito mlimani au Moshi, uandike, upime tena Dar. Uzito ukipungua ujue umevuja. Ikiwa imeyeyuka nusu, usiirudishe kwenye friza nusu nusu. Iache iishe yenyewe kwenye friji usiku kucha, siyo juani, siyo kwenye maji ya moto. Barafu ikiisha kabisa, pindua mfuko taratibu mara kadhaa, kisha fungua mara moja tu. Sehemu ya chumvi ichujwe saa hiyo hiyo kwa kichujio cha mikromita 0.45, maana lile vumbi la kijivu likizidi kukaa majini linaendelea kutoa kalsiamu. Sehemu ya oksijeni iingie kwenye kichupa cha kioo hadi mdomoni, pasibaki kipovu cha hewa, kwa joto letu hili maji yenye oksijeni nyepesi yanawahi kuruka kuwa mvuke.

Mtu atasema kuna uchafu wa mikono na tindo. Upo, jasho lina chumvi. Huo unaukwangua kule kule juu, barafu ikiwa imeganda kikavu, kwa kisu kilichosuuzwa kwa maji yaliyoondolewa ayoni, yaani chumvi zake, mikono ikiwa na glavu zisizo na poda. Ikishatoa maji, mlango huo umefungwa.

Na kama unatafuta gesi zilizonaswa kwenye vipovu, hapo hairuhusiwi kuyeyuka kabisa, utahitaji mpango mwingine, na basi halikufai.

Umri: maji yenyewe hayakwambii umri. Tafuta mabaki ya mimea au viumbe ndani ya barafu yapimwe umri kwa kaboni 14. Tritiamu, haidrojeni yenye mionzi, itakusaidia kujua tu kama maji ya mvua za baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yamejipenyeza humo. Usiende mbali zaidi ya hapo bila mtu anayeijua kazi hiyo.

Ile mifuko mitatu ndiyo iliyoandika tasnifu yangu. Sura niliyopanga ya mashimo saba ikawa kurasa tano za mashimo mawili, na deni la VICOBA nimemaliza 2019.

Unapanda lini hasa? Mizani ya kidijitali ninayo, inasoma hadi nusu gramu, na mifuko minene ya zipu imebaki kama ishirini. Nipo Mabibo bado. Pitia uvichukue kabla hujapanda basi.