Mlango wa gereji unalia: usipake oili kwenye reli

Pole dada, unasema mlango wa gereji bado unalia na kukwama hata baada ya kupaka oili chafu kwenye reli, ila hiyo oili ndo inazidi kuukwamisha, inanasa mchanga, pitisha kidole utasikia chengachenga kama msasa. Futa reli na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo mpaka ikauke na usiipake kitu tena, halafu sprei ya silikoni au grisi nyeupe weka kwenye bawaba na beringi za rola (vile vigurudumu vinavyopita ndani ya reli). Wengi wanasema kila miezi 6, lakini huko kwako Raskazone, Tanga, chumvi ya bahari inakula chuma, mi mwenyewe niko Chumbageni na nafanya kila miezi 3. Springi ya juu ipulizie tu mlango ukiwa umefungwa, nati zake usiguse jamani, imekazwa mno inaweza kukuvunja mkono, hapo ita fundi.